Jicho, kompyuta na mbio za mbegu za kiume

Mwaka 2027 itatimia miaka 350 tangu Antoni van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft, Uholanzi, alipoiandikia Jumuiya ya Kifalme ya London kwamba ameona viumbe vidogo vyenye mikia vikiogelea ndani ya manii. Mzee huyo alijihami mapema: alisisitiza kwamba manii hayo yalitokana na tendo la ndoa, si la dhambi, na akamwachia rais wa Jumuiya aamue kuichapisha barua au kuiharibu. Ilichapishwa. Kwa karne mbili na zaidi, hata hivyo, mbio za viumbe hivyo zilikadiriwa kwa jicho tu, na mafundi wawili wakichungulia tone lilelile hawakosi kutofautiana.

Tofauti hiyo ilianza kuuma pale mbegu za dume zilipogeuka bidhaa. Mwaka 1951 alizaliwa ndama wa kwanza kutokana na mbegu za ng'ombe zilizogandishwa, na dume mmoja akaweza kuzaa na maelfu ya majike asiowahi kuwaona. Kenya ilikuwa imekwishaanzisha kituo chake cha uhimilishaji, Kabete, tangu 1946. Mfugaji anayelipia mrija wa mbegu hizo anataka zilizo hai na zinazokwenda.

Aliyelichukulia suala hili kwa namna ya pekee ni Victor Rothschild, mrithi wa ukoo wa mabenki na mwanazuolojia wa Cambridge. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi katika idara ya usalama ya Uingereza, akitegua mabomu ya hujuma. Mwaka 1944 alipewa Nishani ya George kwa kutegua bomu la Wajerumani lililofichwa ndani ya kreti la vitunguu kutoka Hispania. Alilifungua kidogo kidogo huku akitaja kila hatua kwenye simu, ili likimlipukia, atakayemfuata ajue mwenzake aliishia wapi. Vita vilipokwisha akarudi maabara na kuugeukia mwendo wa mbegu za kondoo kwa moyo uleule. Mwaka 1948 alichapisha njia yake: pitisha umeme ndani ya manii mazito, kisha hesabu ni mara ngapi ukinzani wake unabadilika kadiri mawimbi ya mbegu yanavyopita. Kwa mara hiyo namba ilitoka kwenye chombo, si kwenye maoni ya mtu. Mwaka 1963 akaonyesha pia kwamba mbegu za ng'ombe hujirundika karibu na kioo, jambo linalowasumbua wapimaji hadi leo.

Baada yake, Amnon Makler wa Haifa alipiga picha chini ya mwanga unaokatizwa, kila mbegu ikaacha mlolongo wa alama nyuma yake. Katikati ya miaka ya 1980 mitambo ya kompyuta ikaingia sokoni. Kamera huchukua picha mfululizo, kompyuta huunganisha mahali kichwa cha kila mbegu kilipokuwa, kisha hutoa kasi ya njia yote iliyopinda na kasi ya mstari ulionyooka toka mwanzo hadi mwisho.

Hapo ndipo wengi walipodhani ubishi umekwisha. Haukwisha. Kamera za awali zilifuata kipimo cha televisheni, picha 25 au 30 kwa sekunde, ilhali kichwa cha mbegu hutikisika mara nyingi ndani ya sekunde hiyo. Kompyuta ikawa inakata kona na kasi ya njia iliyopinda ikashuka. Uchafu usiosogea nao ulihesabiwa kuwa mbegu zilizokufa. Maabara mbili zenye mitambo tofauti zikatoa majibu tofauti.

Shirika la Afya Duniani lenyewe liliyumba. Mwongozo wake wa 1999 ulizitenga mbegu za binadamu zenye kasi ya maikromita 25 au zaidi kwa sekunde. Mwaka 2010 likaufuta mpaka huo, kwa hoja kwamba fundi hawezi kuupima kwa jicho bila upendeleo. Wataalamu wakalalamika kuwa habari muhimu imetupwa, na toleo la 2021 likaurudisha. Miaka 11 ilipotea kwa jambo ambalo mtambo uliosanidiwa vizuri ungeweza kulitatua.

Faida ya mtambo kama huo inaonekana hata kwa wanyama wetu. Mwaka 2011 kundi la Gerhard van der Horst wa Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini, lilichapisha vipimo vya mbegu za fuko asiye na manyoya, mnyama wa chini ya ardhi wa Kenya, Ethiopia na Somalia. Ni chache tu zilizokuwa zikitembea, tena kwa kasi ya chini kabisa miongoni mwa mamalia. Malkia wa kundi huzaa na madume wachache sana, basi mbegu hazina wa kushindana naye.

Anayepokea karatasi ya majibu, awe mfugaji au mgonjwa, aulize mambo matatu: kamera ilichukua picha ngapi kwa sekunde, chumba cha kioo kilichowekwa tone la manii kilikuwa na kina gani, na joto lilikuwa nyuzi ngapi. Maabara isiyoweza kuyajibu haijapima mwendo, imetoa namba.