Nyuzi za Sauti na Njia ya Pumzi: Jina Lililoyatangulia Maarifa

Hivi karibuni mfasiri mmoja alituletea karatasi ya maelezo kwa wagonjwa wa pumu iliyomkwamisha mahali pamoja. Matini ya asili ilieleza jinsi njia za hewa za mapafuni zinavyobana, na papo hapo ikazitaja nyuzi za sauti. Mfasiri alidhani pana kosa la chapa. Sauti na pumu, alituuliza, vimekutania wapi? Kosa halikuwapo, lakini swali lake lilikuwa la haki, na jibu lake limo katika historia ya jina lenyewe, ambayo tunakusudia kuieleza hapa.

Mwenye kuchunguza istilahi za koo ataona kwamba zimetawaliwa na muziki tangu kale. Galen, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2, aliufananisha mwanya wa koromeo na kile kipande chembamba kinachotetemeka mdomoni mwa zumari. Na neno glota, ambalo walimu wetu wa fonetiki hulitumia kila siku, asili yake ni neno la Kiyunani la ulimi. Mwaka 1741 Antoine Ferrein, tabibu wa Paris, aliieleza Akademia ya Sayansi ya Ufaransa majaribio yake ya kupuliza hewa katika makoromeo ya maiti za watu na za wanyama hata yakatoa sauti. Aliziona kingo mbili zikitetemeka, akazifananisha na nyuzi za fidla, na hewa itokayo mapafuni akaifanya kuwa ndio upinde wa kuzipigia. Basi akaziita nyuzi. Wataalamu waliomfuata wameukosoa mfano huo mara nyingi, lakini jina limebaki.

Nasi tuliposema nyuzi za sauti tuliichukua tashbihi ya Ferrein nzima nzima. Sikio lililozoea nyuzi za udi na za zeze halikuona ajabu yoyote. Hata hivyo jina hilo lina kasoro mbili. Kwanza, hizo si nyuzi. Ni mikunjo miwili ya misuli na kano iliyofunikwa kwa utando laini, mmoja kila upande wa koromeo, nayo haikutandazwa hewani kama uzi wa zeze. Pili, kazi yake si sauti peke yake. Mikunjo hiyo ni mlango: hufunga tunapomeza ili chakula kisiingie njia ya pumzi, hufunga tunapotaka kukohoa, na hufunga mtu anapojikaza kuinua mzigo.

Kasoro ya pili ndiyo iliyochelewesha maarifa, kwa maoni yetu. Tazama ni nani waliotangulia kuchungulia. Mwaka 1854 Manuel García, mwalimu wa uimbaji mzaliwa wa Hispania aliyeishi London, alikitia kooni mwake kioo kidogo cha madaktari wa meno, akakielekezea mwanga wa jua kwa kioo kingine, akaiona mikunjo yake mwenyewe ikienda. Mwaka uliofuata maelezo yake yalisomwa mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya London. García aliona wazi kwamba mtu avutapo pumzi ndefu mlango ule hufunguka sana. Lakini yeye alikuwa akitafuta siri ya uimbaji, hakulifuata jambo hilo mbali. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1968, Sawashima na Hirose wa Japani walieleza namna ya kulichungulia koromeo kwa mrija unaopindika wenye nyuzi za kioo, ambao hupitishwa puani na kumwacha mtu aseme na apumue kama kawaida yake. Na hao nao walikuwa watafiti wa matamshi.

Mrija huo ulipofika mikononi mwa madaktari wa mapafu, mambo yalikwenda upesi. Mwaka 1980 Higenbottam wa Uingereza alionyesha kwamba njia za hewa za mapafuni zikibanishwa katika majaribio, mwanya wa glota nao hupungua. Mwaka 1983 Collett, Brancatisano na Engel, huko Australia, walieleza mabadiliko kama hayo kwa wagonjwa wa pumu. Mikunjo hukaribiana hasa wakati wa kutoa pumzi. Watafiti wengi wanaeleza kwamba huku ni kujisaidia kwa mwili: hewa ikizuiwa kidogo pale juu, shinikizo hubaki ndani na kuzishikilia njia ndogo zisijifumbe kabla hewa haijatoka. Ni kama mtu akunjaye midomo kupuliza chai ya moto, ila hapa midomo imo kooni.

Mwaka huohuo wa 1983 Christopher na wenzake, huko Denver, Marekani, walitoa habari za wagonjwa 5 waliokuwa wakitibiwa pumu kali, kumbe mapafu yao hayakuwa na pumu hiyo. Mikunjo yao ilikuwa ikikaribiana wakati usiofaa, hata katika kuvuta pumzi, saa ambayo mlango unapaswa kuwa wazi. Dawa za pumu haziondoi tatizo hilo. Wanaosaidia sana ni wataalamu wa matamshi, wanaomfundisha mgonjwa kupumua upya.

Hapo ndipo mfasiri anapobeba dhamana. Tofauti kati ya mwili unaojisaidia na maradhi inategemea sana kuingia au kutoka kwa pumzi, na kitenzi chetu kupumua kinameza yote mawili. Mfasiri wetu alikuwa ameandika kwamba nyuzi hubana mgonjwa anapopumua. Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi na haimwelezi mgonjwa lolote. Yaweza hata kumfanya azidishe dawa ya kuvuta kwa maradhi isiyoyatibu. Kitenzi kubana nacho kimeelemewa: kifua hubana, njia za hewa hubana, nguo hubana.

Kwa hiyo tulimshauri aandike kuvuta pumzi na kutoa pumzi kila mahali, hata pale ambapo marudio yatachosha sikio. Kubana akiachie njia za hewa za mapafuni, na kukaribiana akipe mikunjo. Kuhusu jina, hatuoni sababu ya kuwanyang'anya walimu nyuzi za sauti, ambazo zimekwisha kuzoeleka madarasani. Lakini katika maandishi ya tiba tunapendekeza mikunjo ya sauti; orodha ya kimataifa ya istilahi za anatomia ya mwaka 1998 nayo hutumia neno la Kilatini lenye maana ya mkunjo. Neno sauti bado limo, nasi hatukulipenda. Tulijaribu mikunjo ya koromeo, tukaiacha, kwa kuwa juu ya mikunjo hii ipo mingine miwili inayoitwa ya uongo, na msomaji asingejua ni ipi iliyokusudiwa. Mfasiri alikubali yote isipokuwa neno mikunjo, ambalo alisema litawakumbusha wagonjwa wake nguo zisizopigwa pasi.