Mchana kanisani, usiku kwa nfumu: Historia ya imani na shaka Simiyu

Mwaka 1909 wamisionari wa Kianglikana wa CMS waliikabidhi Nassa kwa wenzao wa Africa Inland Mission (AIM) waliotoka Marekani. Nassa ipo kando ya Ghuba ya Speke, katika eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Busega, mkoani Simiyu. CMS walikuwa hapo tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kituo kilikuwa mbali na makao yao ya Uganda, na matunda yake yalikuwa haba ukilinganisha na huko. Emil Sywulka na mkewe walikuwa miongoni mwa wa kwanza kukipokea, na kutoka hapo lilikua kanisa ambalo leo Watanzania wanalijua kama AICT, mojawapo ya makanisa makubwa ya Kanda ya Ziwa.

Makabidhiano hayo yanaacha swali. Injili ileile iliyowashika Waganda kwa miaka michache tu, hata wengine wakafa kwa ajili yake, kwa nini ilijikongoja Usukuma kwa miongo mingi? Jibu la wamisionari wengi lilikuwa fupi: kutokuamini. Ukifuatilia historia ya Ukristo kuanzia Nassa mpaka Bariadi, Maswa na Meatu, utaona kwamba jibu hilo lilikuwa na ukweli, ila wengi waliolitoa hawakuelewa ni kutokuamini kwa namna gani.

Ikulu moja, miji elfu

Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Charles Lavigerie mwaka 1868, walifika Kageyi, kusini mwa Ziwa Victoria, mwishoni mwa mwaka 1878. Februari 1879 Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans wakawa wameingia Buganda. Mwishoni mwa mwaka 1882 hali ya usalama iliwalazimu kuondoka, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni Bukumbi, karibu na Mwanza ya leo. Waliporudi Buganda mwaka 1885 walikuta jambo lisilotarajiwa: waumini waliowaacha bila padre walikuwa wamefundishana wenyewe na kuongezeka. Mwaka uliofuata vijana Wakristo wa ikulu ya Kabaka Mwanga wakachomwa moto Namugongo.

Bukumbi hapakuwa hivyo. Wengi wa wakazi wa kwanza wa misheni walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, na familia za Kisukuma zilizoizunguka zilibaki zikitazama kwa mbali. Buganda ilikuwa na ikulu moja iliyokusanya vijana wasomi, na aliyeishika ikulu alishika nchi. Usukuma ulikuwa na watemi kwa makumi, na chini yao miji, yaani makazi ya familia, iliyotawanyika mbugani, kila mmoja na uzio wake wa minyaa, ng'ombe wake na mizimu yake. Mwinjilisti alilazimika kupiga hodi mji kwa mji. Akimpata kijana, alikuwa amempata mmoja, na huyo mmoja bado alimtegemea baba yake kwa ng'ombe wa mahari.

Hata hivyo mahubiri yalisogea mashariki. Waadventista Wasabato wa Kijerumani, walioanza kazi upande wa mashariki wa ziwa mwaka 1909, walifika mpaka Ntuzu na Kanadi, katika Simiyu ya leo, kabla Vita ya Kwanza ya Dunia haijawakatiza. AIM walijenga shule na hospitali. Agano Jipya la Kisukuma lilitoka mwaka 1925, na Biblia nzima mwaka 1960. Kwa upande wa Wakatoliki, mwaka 1950 Vatikani iliunda eneo la kimisheni lililoitwa Maswa, na mwaka 1956 likawa Jimbo la Shinyanga chini ya Askofu Edward McGurkin wa shirika la Maryknoll. Wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu zililelewa humo, kama zilivyokuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga hadi Simiyu ilipozaliwa mwaka 2012.

Mungu hakukanushwa

Wamisionari hawakukuta Usukuma watu wanaosema hakuna Mungu. Muumba alijulikana na kutajwa, lakini mambo ya kila siku hayakupelekwa kwake. Yalipelekwa kwa masamva, yaani mizimu ya ukoo, iliyojengewa vibanda vidogo ndani ya mji. Mtoto akiugua, mke asiposhika mimba, ng'ombe wakifa bila sababu, mkuu wa kaya alimwendea nfumu kuuliza ni nani kati ya wafu amekasirika, au ni nani kati ya walio hai ameroga.

Njia iliyojulikana sana ya kuuliza ilikuwa ya kuku. Mteja humtemea kifaranga mate ili shida yake iingie humo. Nfumu humchinja, humpasua kwa uangalifu, kisha husoma alama kwenye mbawa, mifupa na viungo vya ndani: doa hapa ni upande wa baba, mstari pale ni jirani. Mteja huondoka na jina la chanzo na kazi ya kufanya, kama ni kumwaga unga uliochanganywa na maji kwa ajili ya mzimu, au kuvaa dawa. Ralph Tanner, aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni Usukuma, aliandika mwaka 1967 kitabu kizima juu ya dini hii na jinsi ilivyokutana na Ukristo. Ilikuwa dini isiyo na siku maalumu ya juma wala orodha ya mafundisho. Tatizo likiingia mjini, nayo iliamka. Tatizo likiisha, ililala.

Dini ya namna hiyo haigombani na mgeni. Msukuma aliweza kubatizwa Jumapili bila kuona kwamba amefunga mlango wa nfumu, kwa kuwa kanisa lilijibu maswali ya mbinguni na nfumu alijibu swali la nani amemloga mtoto. Padre au mchungaji aliyegundua hilo baada ya miaka kumi ya kazi alivunjika moyo, akaandika kwamba imani ya watu wake ni ya juujuu.

Angefungua Biblia yake angekuta hali hiyo imeelezwa zamani. Waisraeli waliolaumiwa jangwani kwa kutokuamini walikuwa wamevuka bahari kwa miguu yao, na hawakuwa na shaka kwamba Mungu yupo. Walichoshindwa ni kumtegemea walipokosa maji na chakula. Waraka kwa Waebrania unaitumia habari hiyo kuwaonya Wakristo, watu waliokwisha kuamini. Na katika Marko sura ya 9 kuna baba aliyemletea Yesu mtoto anayeteswa na pepo, akakiri mbele ya umati kwamba ana imani na pia ana kutokuamini kunakohitaji msaada. Yesu hakumfukuza. Alimponya mtoto. Baba huyo angeeleweka vizuri sana Bariadi, maana naye alikuja kwa sababu mtoto anaumwa na njia nyingine zimeshindikana. Mfa maji haachi kutapatapa.

Kwa maana hiyo, imani katika Ukristo ni zaidi ya kukubali kwamba jambo fulani ni kweli. Ni kumkabidhi mtu shida yako na kungoja, hata jibu likichelewa. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa, kwa sababu nfumu alitoa jibu siku hiyohiyo.

Miaka minne mlangoni

Makanisa yalijua hatari ya ubatizo wa haraka, na kila moja lilitafuta kipimo chake. Lavigerie aliwaagiza mapadre wake wasimbatize mtu mzima mpaka apite miaka minne ya maandalizi. Miaka miwili ya kwanza alikuwa mwombaji tu, akifundishwa mambo ya msingi juu ya Mungu na akipewa medali kama alama, na miwili iliyofuata alikuwa mkatekumeni. Wengi walidhani miaka hiyo ni ya kukariri katekisimu. Lakini ilikuwa pia miaka ya kumwona mtu akipita katika misiba, njaa na magonjwa, ijulikane anakimbilia wapi.

AIM walipima kwa maisha. Aliyetaka ubatizo aliacha pombe, tumbaku, ndoa ya wake wengi, dawa na ngoma. Kuacha ngoma kuliwauma watu, maana baada ya mavuno Usukuma mzima uligawanyika kati ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyotaja waganga wawili wa karne ya 19 kuwa waanzilishi wao. Ushindi ulihesabiwa kwa ukubwa wa umati unaokimbilia upande mmoja, na kila manju, yaani kiongozi wa ngoma, alitafuta dawa ya kuvuta watu. Kwa AIM, ngoma na dawa havikutenganishika, hivyo vyote viliachwa.

Mkatoliki mmoja aliona vinatenganishika. David Clement, Padre Mweupe kutoka Kanada, alifanya kazi Bujora, karibu na Kisesa, kuanzia miaka ya 1950. Alijenga kanisa la duara kwa mtindo wa nyumba ya Kisukuma, akaanzisha makumbusho ya Wasukuma, na akayaleta mashindano ya Bagika na Bagalu kwenye sikukuu ya Ekaristi, katika tamasha la Bulabo linaloendelea hadi leo.

Kwa AIM, mwenye imani alijulikana kwa alichokiacha. Kwa Bujora, alijulikana kwa aliyemletea ngoma yake. Mabishano kati ya pande hizo mbili yalidumu miaka mingi, na katika mabishano hayo hofu ya uchawi ilipata nafasi ndogo kuliko ilivyostahili. Sheria ya kikoloni ya uchawi ya mwaka 1928 iliadhibu wanaotuhumu na wanaojidai wachawi, na wamisionari wengi waliufundisha uchawi kama uzushi. Muumini aliyeogopa hakuwa na pa kuipeleka hofu yake mchana, akaipeleka usiku.

Macho mekundu

Matokeo yake yalionekana baada ya Uhuru. Mtafiti Simeon Mesaki amenukuu takwimu zinazoonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na zaidi ya nusu waliuawa Usukuma, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Waliolengwa hasa walikuwa vikongwe, na kati ya dalili zilizotajwa ni macho mekundu. Ni macho ambayo mwanamke yeyote angeyapata akipika miaka hamsini juu ya moto wa kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, katika nchi iliyokwisha miti.

Mauaji hayo yalifanyika miaka sabini na zaidi tangu Nassa na Bukumbi zianze kuhubiriwa. Ukuaji wa makanisa haukuyazuia. Na kuanzia miaka ya 2006 na 2007, Kanda ya Ziwa ikawa kitovu cha mauaji ya watu wenye ualbino, yakichochewa na imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Agizo liliwagusa waganga, lakini wateja hawakuwa na leseni ya kufutwa, na si wote waliokuwa nje ya makanisa.

Aliyeikabili hofu hiyo jukwaani alikuwa Msukuma mwenyewe. Moses Kulola alianzia AIC, kanisa ambalo leo ni AICT, akaingia Upentekoste, na mwaka 1991 akaanzisha kanisa la EAGT. Hadi alipofariki mwaka 2013 mikutano yake ya hadhara ilijaza viwanja. Kulola hakuwaambia watu kwamba wanachokiogopa hakipo. Aliwaambia kwamba Kristo ana nguvu kukizidi, akaombea wagonjwa, na watu wakatupa hirizi zao motoni mbele ya umati. Hofu ya usiku ikaletwa hadharani mchana.

Njia hiyo nayo ina mtego wake. Mhubiri akimwambia mgonjwa kwamba kuna mtu wa karibu aliyemfunga, amempa jibu lilelile la nfumu kwa jina la Yesu. Na anayenunua maji au mafuta ya upako ili biashara ifunguke wiki hii ameirudia dini inayoamka kwa tatizo na kulala likiisha. Kanisa limebadilika, mteja ni yuleyule.

Imani inapimwa kwa kitu gani?

Baada ya sensa ya mwaka 1967, sensa za Tanzania hazikumuuliza tena mtu dini yake. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,140,497 mkoani Simiyu, na haikusema wangapi ni Wakristo. Hata ingesema, isingetuambia jambo linalohusika hapa, kwa kuwa wengi wa waliojibanza kwenye uzio wa kikongwe usiku na panga mkononi wangeweza kuandikishwa dini yoyote.

Simiyu ni mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, na pamba ni zao la mvua. Mvua ikikata mwezi Januari, mkulima wa Bariadi hupoteza mwaka mzima. Hapo zamani mtemi ndiye aliyedaiwa mvua, na utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963. Leo anayedaiwa ni nani? Mkristo anayesali na kuendelea kupalilia, akikataa kumtafuta jirani wa kulaumiwa, ana imani ambayo kitabu cha ubatizo hakiwezi kuionyesha.

Ndiyo maana kwa Simiyu umuhimu wa imani ni suala la uhai wa watu. Kutokuamini kulikokuwa kukisumbua hapa kulikuwa kumtegemea Mungu nusu na kumwogopa jirani nusu, na nusu hiyo ya pili ndiyo iliyoua. Mchungaji, padre au katekista wa leo anayewaandaa watu kwa ubatizo angefanya vema kuuliza, kabla ya kusikiliza Kanuni ya Imani ikikaririwa: mtoto wako akifa ghafla, utamtuhumu nani? Asiyekuwa na jina la kutaja ameshaelewa sehemu kubwa ya mafundisho.