Modeli ya Mwaka 1964 na Suala la Chanzo cha Mpapatiko wa Moyo

Historia ya modeli za kompyuta za umeme wa moyo aghalabu huanzia mwaka 1960, Denis Noble alipoirekebisha milinganyo ya Hodgkin na Huxley, iliyotokana na neva ya ngisi, ili ieleze nyuzi za Purkinje. Masimulizi hayo yanafunika ukoo wa pili, ambao haukuuliza seli moja huzalishaje umeme, bali mdundo wa moyo huvurugikaje.

Ukoo huo ulipata umbo kamili mwaka 1964, Gordon Moe, Werner Rheinboldt na J. A. Abildskov walipochapisha modeli ya mpapatiko wa atria, yaani hali ambayo vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kupiga. Ilikuwa na vipande 992 vilivyopangwa mithili ya sega la nyuki, bila ayoni wala utando wa seli. Kila kipande kiliweza kusisimuliwa, kukisisimua cha jirani, kisha kubaki kwa muda bila kuitikia kichocheo. Muda huo ulitofautiana kipande kwa kipande, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha hoja. Wimbi lilipofika kwenye vipande visivyoweza bado kuitikia lilipasuka; vijiwimbi vikazunguka na kurudi palipokwisha kuwa tayari, na vurugu ikajiendeleza bila kitovu cha kuilisha.

Mwaka 1985 Maurits Allessie na wenzake waliona vijiwimbi vya aina hiyo katika atria za mbwa. Mwaka 1987 James Cox alianza kuikata atria ya mgonjwa na kuishona upya, ili wimbi likose nafasi ya kuzunguka. Ni nadra modeli sahili kiasi hicho kufika hadi kwenye kisu cha mpasuaji.

Hata hivyo, ndani ya modeli mpapatiko ulianzishwa na vichocheo vya watafiti wenyewe. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake, huko Bordeaux, waliwachunguza wagonjwa 45 na kubaini vitovu 69 vya kuanzisha mpapatiko; 65 kati yake vilikuwa ndani ya vena za mapafu. Kudai kwamba matokeo hayo yaliivunja modeli ni kuchanganya maswali mawili. Modeli ilieleza kwa nini mpapatiko hauzimiki. Wasomaji wake ndio walioichukulia kuwa imeeleza pia unakoanzia, ilhali katika vipande vyote 992 hapakuwa na hata kimoja kilichowakilisha vena.