Kitenzi cha Kiswahili cha Banalia na Kisangani: silabi na muundo

Kitenzi cha Kiswahili kinachosemwa Banalia, kwenye mto Aruwimi kaskazini mwa Kisangani, hugawanywa kwa njia mbili: kwa silabi, ambazo ni mapigo ya matamshi, na kwa mofimu, ambazo ni vipande vyenye maana. Migawanyo hiyo mara nyingi haikutani.

Silabi nyingi za Kiswahili ni huru, yaani huishia na irabu. Mifuatano kama nd na mb katikati ya neno haitenganishwi. Kwa hiyo ninakupenda hutamkwa ni-na-ku-pe-nda, mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, pe. Kwa mofimu neno hilo ni ni-na-ku-pend-a: nafsi ya mtenda, njeo, mtendwa, mzizi na kiishio. Kwa kuwa mzizi huishia na konsonanti, silabi nda hubeba kipande cha mzizi pamoja na kiishio. Mzizi ukinyambuliwa, mkazo huhama: penda (pe-nda) hukazwa kwenye pe, pendana (pe-nda-na) kwenye nda. Vitenzi vya mkopo kama rudi na samehe havichukui kiishio -a.

Katika Kiswahili sanifu, mizizi mifupi kama -l- ya kula huhitaji ku- ili mkazo upate pa kukaa: a-na-ku-la. Kiambishi cha mtendwa kikiingia, ku- huondoka: a-na-m-la, ambapo m peke yake ni silabi na ndiyo inayokazwa.

Katika Kiswahili cha Kongo ku- hiyo imeshikamana na mzizi, na mazoea huonyeshwa kwa -ak-. Anakulaka, yaani hula kwa kawaida, ni a-na-kul-ak-a kwa mofimu na a-na-ku-la-ka kwa silabi. Lingala, inayosemwa sana katika eneo hilo, nayo ina kiambishi hicho. Kiswahili kilifika huko katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara. Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, alifanywa liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, mwaka 1887, na mwaka 1888 wapagazi wa Zanzibar na Maniema walipiga kambi Banalia.

Tukirudi kwenye mgawanyo wa kitenzi, Kihispania nacho hukata mzizi katikati: hablamos, yaani tunasema, ni ha-bla-mos kwa silabi na habl-a-mos kwa mofimu. Ila nafsi ya mtenda, -mos, hukaa mwishoni, tena katika silabi funge, ilhali tu- ya Kiswahili hutangulia.