Mjazano holela wa tufe
Mjazano holela ni namna tufe zinavyojaa chomboni zinapomiminwa bila kupangwa. Tufe za ukubwa mmoja, zikitikiswa zikae vizuri, hujaza takriban asilimia 64 ya nafasi. Zikipangwa kama machungwa ya sokoni hufikia asilimia 74. Kikomo hiki cha pili, alichokidhania Kepler mwaka 1611, mwanahisabati Thomas Hales alitangaza uthibitisho wake mwaka 1998. Kile cha asilimia 64 ni kigumu zaidi kukifafanua, kwani kila tufe zinapobanwa, utaratibu nao huongezeka.

Mwaka 1960 mwanasayansi J. D. Bernal, akitafuta muundo wa vimiminika, alimimina na mwenzake rangi nyeusi kwenye gololi za chuma, wakaichuja, kisha wakahesabu alama zilizobaki palipogusana. Hesabu hizi huwafaa pia watafiti wa vioo, zege na mchanga. Mwaka 2004 watafiti wa Princeton walionyesha kuwa peremende bapa za M&M's zikimiminwa holela hujaa zaidi kuliko tufe: asilimia 68 hivi.