Tembe na Unyevu wa Singida

Rangi ikibanduka karibu na sakafu na magadi meupe yakijitokeza ukutani, wengi mjini Singida huulaumu udongo: eti haufai kujengea. Lawama hiyo haina haki. Tembe, nyumba ya paa bapa la udongo ambayo msafiri Mwingereza Richard Burton aliikuta mwaka 1857 akipita Ugogo, na ambayo Wanyaturu na Wanyiramba wa Singida pia waliijenga, haikushindana na maji. Iliyaachia njia ya kutokea. Mvua za huku ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, na baada yake hufuata miezi ya jua na upepo mkavu. Ukuta wa miti uliokandikwa udongo ulilowa, ukapumua, ukakauka. Ndani, moshi wa mafiga ulikausha boriti na kupunguza wadudu.

Yuko atakayesema kwamba tembe zilivuja na kuanguka, na hapo hakosei. Paa la udongo likishiba maji huwa mzigo mkubwa, na boriti iliyoliwa na mchwa haiubebi. Ila tembe haikuwa nyumba ya kujenga na kusahau: kila mwaka kabla ya mvua paa liliongezwa udongo na nyufa zikasiribwa. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, tembe nyingi zilibaki bila wa kuzitunza, nalo bati likawa alama ya maendeleo. Mwaka 1977, akipima miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alikemea tabia ya kungojea saruji na bati huku matofali ya kuchoma na vigae vikiwezekana. Kwa maoni yangu onyo lake lilistahili kusikilizwa zaidi.

Bati kweli huzuia maji ya juu, tena vizuri kuliko udongo. Lakini bila mifereji huyamwaga yote mguuni pa ukuta, na maji ya chini hayajui bati. Hupanda kupitia msingi, na yakifika kwenye matofali ya udongo yaliyopigwa plasta ya saruji hukosa pa kutokea, hivyo hupanda zaidi na kuacha chumvi yanapokaukia. Katika nchi ya maziwa ya chumvi kama Singidani na Kindai, chumvi si ngeni ardhini. Nailoni nzito juu ya msingi, kabla ya tofali la kwanza, ingeyakatia njia. Ukuta ukishasimama, kuiweka ni kubomoa.