Kaa wa Stanleyville na Uduvi wa Mapango ya Unguja

Kisangani ni mji uliobadilishiwa jina zaidi ya mara moja, na kila jina limeacha athari yake. Mwezi wa Disemba mwaka 1883 Henry Morton Stanley alipokifikia kisiwa cha Wana Rusari, karibu na la mwisho katika yale maporomoko saba ambayo Mto Kongo huyashuka tangu Ubundu, aliacha hapo kituo kidogo kilichoitwa kwa jina la maporomoko yenyewe. Na mwaka 1887 Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye watu wa pwani na wa bara pia humjua zaidi kwa jina la Tippu Tip, akafanywa wali wa nchi hiyo kwa mapatano na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na watu wake, waliokwisha kuweka makazi na mashamba kandokando ya mto, wakaizidishia nguvu lugha hii tunayoiandika. Baadaye mji ukawa Stanleyville, na mwaka 1966 serikali ya Kongo ikaliondoa jina hilo katika ramani, katika mihuri ya ofisi na katika vibao vya njiani. Jambo ambalo haikuweza kuliondoa ni moja: katika vitabu vya elimu ya wanyama yuko kaa wa maji matamu aitwaye Potamonautes stanleyensis, na jina lake litabaki hivyo maadamu elimu hiyo ingali na kanuni zake.

Asili yake ni safari iliyotumwa na nyumba ya makumbusho ya elimu ya viumbe ya New York, American Museum of Natural History, ikadumu katika Kongo tangu mwaka 1909 hadi 1915. Mkuu wake alikuwa Herbert Lang, mzaliwa wa Ujerumani, na msaidizi wake James Chapin, kijana wa miaka 19 siku walipoondoka kwao. Ndiye Chapin ambaye mwaka 1936 alikuja kumtangaza tausi wa Kongo, kwa sababu ya unyoya mmoja uliokuwa katika kofia ya mwenyeji ambao hakuusahau kwa miaka mingi. Stanleyville ulikuwa mlango wao wa kuingilia msituni na wa kutokea. Kila walichokipata, awe ndege, nyoka, konokono au kaa, kiliwekewa kijikaratasi chenye mahali na tarehe, kikatiwa chumvi au spiriti, kikapakiwa stimani hadi Léopoldville, kikaendelea kwa reli hadi Matadi, kisha kwa merikebu hadi ng'ambo. Hapana shaka kwamba kaa hawakushikwa pasipo msaada wa watu wanaoujua mto, kwa kuwa penye maporomoko ya Wagenya, ambako migono hutegwa juu ya magogo yaliyosimikwa katikati ya maji yaendayo kwa kishindo, mgeni hawezi hata kusimama, seuze kuinua jiwe na kutia mkono chini yake. Lakini jina lilipotolewa, mmoja katika kaa hao aliitwa langi kwa heshima ya mkuu wa safari, na mwingine akapewa jina la mji, mvuvi hakufikiriwa.

Aliyewaandika kaa hao hakuwahi kuuona Mto Kongo. Ni Mary Jane Rathbun, aliyezaliwa Buffalo mwaka 1860, mwanamke ambaye hakupata kusoma chuo kikuu, naye akawa hoja ya mwisho katika mambo ya kaa wa dunia nzima, akizikalia meza za makumbusho ya taifa ya Washington. Mwishoni mwa mwaka 1914 aliacha mshahara wake ili fedha hizo zitumike kumwajiri Waldo Schmitt, kijana aliyemwona anafaa; naye akaendelea na kazi ile ile, katika jengo lile lile, bila malipo. Mwaka 1921 ilitoka risala yake juu ya kaa wa safari ya Kongo, na humo ndimo mnyama wa Stanleyville alimopata hadhi ya kuwa aina peke yake. Rathbun alilipima gamba la mgongoni kwa upana na urefu, akayatazama meno ya ukingoni, matuta yapitayo nyuma ya macho, na mikono ya kushikia. Waliomfuata, kama Richard Bott wa Frankfurt katika kazi yake ya mwaka 1955 juu ya kaa wa maji matamu wa Afrika, walitilia mkazo zaidi kiungo kidogo cha dume kilichokunjwa chini ya tumbo, ambacho umbo lake hutenga aina mbili ambazo kwa gamba la juu hazitofautiani. Na kwa sababu hiyo kaa wengi walihamishwa kutoka jenasi moja kwenda nyingine.

Hapa yafaa kueleza kanuni yenyewe, kwani ndiyo shina la habari hii. Kumwarifu mnyama mpya ni kitendo cha kisheria, kama hati ya kadhi inayothibitisha milki: hakisihi ila kwa maandishi yaliyochapishwa, kwa tarehe, na kwa shahidi, na shahidi ndiye kielelezo cha msingi, yaani mnyama mmoja mahsusi aliyewekwa katika chupa yenye nambari ili yeyote mwenye shaka aende akamtazame. Hesabu ya majina huanzia kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1758. Jina lililotangulia hulishinda lililofuata, na jenasi mbili za wanyama haziruhusiwi kuwa na jina moja hata kama mmoja ni kipepeo na mwingine ni papa. Jina la jenasi laweza kubadilika maarifa yakizidi. Jina la aina hubaki, na likihamia jenasi nyingine, jina la mwarifu wa kwanza hutiwa ndani ya mabano, kama anavyoandikwa Rathbun leo baada ya stanleyensis. Haiulizwi kama Stanley alikuwa mtu wa kuheshimiwa, wala kama wenyeji wanalipenda jina lake. Wapo watu siku hizi wadaio kwamba majina ya namna hiyo yafutwe. Mimi naona kuyafuta kutaleta fujo kubwa kuliko haki itakayopatikana, ingawa siwezi kusema kwamba dai lao halina msingi.

Na sasa tuifuate njia ya zamani ya watu wa Tippu Tip hadi mwisho wake wa mashariki, yaani pwani na Unguja, kwa kuwa miaka ile ile ambayo Lang na Chapin walikuwa msituni Kongo, Wafaransa wawili walikuwa wakitembea Afrika ya Mashariki: Charles Alluaud na René Jeannel, katika safari ya mwaka 1911 na 1912. Jeannel alikuwa mtu wa mapango. Yeye na Emil Racoviță, Mrumania aliyeandika mwaka 1907 risala iliyoanzisha elimu ya viumbe wa chini ya ardhi, walikuwa wakikusanya kila kitu kiishicho gizani, na mfululizo wa maandiko yao uliitwa Biospeologica. Pwani ya Waswahili ni nchi iliyowafaa mno, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni jiwe la matumbawe, na jiwe hilo hunywa mvua yote bila kuacha mto juu yake, likaihifadhi katika nyufa na mashimo. Watu wa Unguja walilijua hilo kabla ya mtaalamu yeyote, maana ndiyo hali ya visima vyao: maji matamu huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini kwa chini, na mchimbaji asiye na kiasi huishia kuteka chumvi. Mapango kama lile la Mangapwani yana dimbwi ndani yake, na kwa karne nyingi watu wameteka humo maji ya kunywa.

Mwaka 1924 Louis Fage, mwanachuoni wa Paris aliyekuwa bingwa wa buibui na wa wanyama wadogo wa bahari, alitangaza mbele ya chuo cha elimu cha Ufaransa mnyama wa namna mpya kutoka maji ya chini ya ardhi ya Unguja, na mwaka uliofuata akamweleza kwa urefu katika Biospeologica. Ni mnyama ambaye mtu wa pwani akimwona atasema ni uduvi, wala hatakuwa amekosea sana: mwili mwembamba, miguu mingi, urefu wa kupimwa kwa milimita. Lakini hana rangi, na macho yake si macho tena. Pale ambapo uduvi wa baharini ana vijiti viwili vyenye mboni nyeusi, huyu ana vibamba viwili bapa visivyoona kitu, vilivyobaki kama ishara ya babu aliyekuwa akiona. Jike hubeba mayai na watoto katika mfuko ulioko chini ya kifua, uliofanywa kwa vibamba vya miguu yake mwenyewe, na katika mnyama huyu hicho ndicho kitu cha kwanza mtazamaji akitafutacho, kwa sababu humtenga na kamba wa kawaida.

Kumweleza mnyama wa kadiri hiyo si kumtazama tu. Mwarifu humlaza katika tone la glisirini chini ya hadubini, akashika sindano mbili nyembamba, akamtenganisha kiungo kwa kiungo: papasi za kwanza, papasi za pili, taya, vijitaya, miguu ya kifua mmoja mmoja, miguu ya tumbo, hata kile kipande cha mwisho cha mkia pamoja na miiba iliyopangwa ukingoni mwake. Kila kiungo huwekwa chini ya kigae chake cha kioo, kikachorwa kwa msaada wa chombo kinachotupa taswira ya hadubini juu ya karatasi, na unywele mmoja ukisahauliwa katika mchoro, mtu wa miaka 50 baadaye atadhani ameona aina nyingine. Kwa hiyo mwarifu hupenda kupata wanyama kadhaa: mmoja abaki mzima, wengine wakatwe.

Fage alichora vizuri. Kilichomponyoka ni jina. Alimwita Lepidophthalmus servatus, asijue kwamba mwaka 1904 mtaalamu mwingine, Holmes, alikuwa amekwisha kuwapa jina hilo la jenasi kamba fulani wachimbao mashimo katika matope. Mwaka 1927 Zimmer akapendekeza Lepidops, na hilo nalo halikudumu. Mwaka 1961 Clarke akaweka Lepidomysis. Wakati huohuo ilikwisha kujulikana kwamba mwaka ule ule wa 1924, huko Puglia kusini mwa Italia, Caroli alimwarifu mnyama wa pangoni aliyeshabihiana naye na kumwita Spelaeomysis. Wataalamu walipoona kwamba wa Unguja na wa Italia ni wa jenasi moja, jina la Caroli likashika. Ukoo, hata hivyo, ungali ukiitwa kwa jina la Lepidomysis, ambalo kama jenasi limekwisha kufa. Mwenye kuona haya kuwa mambo ya kuchekesha namwacha acheke. Kaa wa Kongo ameganda na jina ambalo mji wake umelikana, ilhali uduvi wa Unguja, ambao kisiwa chao hakikubadili jina, wamezungushwa katika majina manne.

Ndugu zake Spelaeomysis wamepatikana, mbali na Italia, katika visima vya Kerala, katika Cuba, Meksiko na Peru. Mtu wa pwani atakumbuka mara moja kwamba Kerala na Unguja zimeunganishwa na majahazi ya kaskazi na kusi tangu zama za kale, lakini mnyama huyu hakusafiri kwa jahazi, kwani hawezi kuishi juani. Maelezo yanayokubaliwa zaidi ni kwamba wazee wao waliishi katika bahari ya kale iliyoitwa Tethys, iliyopita kati ya mabara ya kaskazini na ya kusini kabla hayajakaa yalipo leo. Bahari ilipojifunga na kurudi nyuma, waliokuwa wamepenya katika nyufa za mawe ya pwani wakabaki humo, kila kundi mahali pake, maji yakageuka matamu polepole, wao wasitoke.

Kisangani haina matumbawe wala chumvi, ila maji ya chini ya ardhi yako, na sehemu kubwa ya wakazi wa mji huteka visimani na kwenye chemchemi. Namna ya kuwatafuta wanyama wa maji hayo ni rahisi kuliko watu wadhaniavyo. Stanko Karaman katika nchi za Balkani, na Pierre-Alfred Chappuis, aliyekuja Afrika ya Mashariki na Jeannel katika msafara wa Omo wa mwaka 1932 na 1933, walionyesha kwamba yatosha kuchimba shimo katika mchanga wa ukingo wa mto, hatua chache kutoka kwenye maji, kungoja maji yachujuke na kujaa, kisha kuyachota na kuyapitisha katika wavu wa matundu membamba. Hapo Kisangani, katika fungu la mchanga la Mto Tshopo, wakati maji yamepungua, kazi hiyo yaweza kufanywa kwa jembe, kopo na kitambaa. Kinachobaki kitambaani humiminiwa spiriti, na ndani ya chupa, si nje yake, hutiwa karatasi iliyoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka na kibandiko cha nje hung'oka.

Mambo yamebadilika tangu siku za Lang. Mwaka 2010, katika jubilei ya uhuru, wataalamu wa Kongo na wa Ubelgiji walishuka mto pamoja kutoka Kisangani, na chuo kikuu cha mji kina kituo chake cha kuchunguza viumbe, chenye hifadhi ya vielelezo vyake chenyewe. Watu wengi husifu jambo hilo kwa fahari ya taifa, nami sina ugomvi na fahari. Ila kuna faida nyingine ambayo kwa kazi hii ni kubwa zaidi. Wanyama wa chini ya ardhi ni wachache katika kila shimo, na mara nyingi chupa huja na majike watupu, ama na watoto ambao viungo vyao havijakomaa, na bila dume aliyekomaa mwarifu hukwama. Aliyeko Paris au Washington hana la kufanya ila kukisia au kungoja msafara mwingine, ambao huenda usije katika umri wake. Aliyeko Kisangani, katika mitaa ya Makiso au Mangobo, hurudi kwenye shimo lile lile mwezi ujao, na ule unaofuata, mpaka dume apatikane.